Jina la nani linaandikwa kwenye pesa? Sarafu za wachoraji wa Ulaya na biyeti za Masisi

Kwenye soko za Masisi, mtu akipokea biyeti ya feranga 500, hatazami picha kwanza. Anatazama kama imepasuka, kama imeungwa na skochi, kama namba bado zinasomeka. Lakini picha iko: ni watu wanaochimba almasi, wameinama kwenye kazi. Hawana jina. Kwenye biyeti ya feranga 50, ile ambayo sasa inaonekana mara chache, kuna barakoa ya Watshokwe. Ni kazi nzuri sana ya mikono, na aliyeichonga naye hana jina.

Huko Ulaya mambo ni tofauti kidogo. Mwaka wa 2019, Italia ilitoa sarafu ya yuro 2 juu ya kukumbuka mchoraji Leonardo da Vinci, aliyekufa tarehe 2 Mei 1519. Ilikuwa imetimia miaka 500. Juu ya sarafu hiyo waliweka sehemu ya picha yake moja inayojulikana, ya mwanamke kijana aliyebeba mnyama mdogo mweupe, picha ambayo leo iko Krakow, inchini Poland. Mwaka uliofuata, 2020, Vatikani na San Marino zilitoa sarafu za yuro 2 za kumkumbuka mchoraji mwingine, Raphael, aliyekufa Roma tarehe 6 Aprili 1520.

Kwa mtu wa Nyamitaba, habari ya wazungu kuweka mchoraji wao kwenye sarafu inaweza kuonekana ya mbali sana. Hapa shida ni kupata mone, ni kusema pesa ndogo ya kurudishia mnunuzi. Lakini Kongo nayo imetoa sarafu za ukumbusho, nyingi, na karibu hakuna Mkongomani aliyewahi kuzishika. Hapo njo swali linaanza kugusa watu wa hapa: inchi inaweka nini kwenye pesa yake, na nani anaifaidi?

Sarafu ya ukumbusho ni kitu gani?

Kuna aina mbili, na ni vizuri kuzitenganisha.

Aina ya kwanza ni pesa ya kweli ya kutembea mkononi. Sarafu ya Leonardo ya 2019 ni yuro 2 sawa na yuro 2 zingine. Mtu anaweza kununua nayo mkate Roma, Paris ao Brussels, na muuzaji hawezi kuikataa. Tangu mwaka wa 2012, kila inchi inayotumia yuro inaruhusiwa kutoa sarafu mbili za namna hiyo kwa mwaka. Upande mmoja unabaki sawa kwa wote, upande wa pili inchi inaweka mtu ao jambo inalotaka kukumbuka.

Italia haikungoja sikukuu ya miaka 500. Tangu sarafu za yuro zilipoanza kutumika mwaka wa 2002, sarafu yake ya kila siku ya yuro 1 iko na mchoro wa Leonardo wa mtu aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara. Yuro 2 iko na uso wa mshairi Dante, sawa vile Raphael alivyomchora. Senti 10 iko na sehemu ya picha ya Botticelli. Hii ni kusema mtoto anayetumwa dukani Italia anabeba mfukoni kazi ya wachoraji watatu, bila kulipa kitu.

Aina ya pili ni sarafu ya wakusanyaji. Hii inaandikwa bei ya pesa, lakini haitoki kwa ajili ya soko. Inatengenezwa kwa feza, kwa dhahabu, ao kwa metali ya kawaida iliyopakwa rangi, inawekwa ndani ya kisanduku, na inauzwa kwa watu wanaokusanya vitu vya namna hiyo. Bei ya kuinunua inapita mbali ile iliyoandikwa juu yake. Hata sarafu za Vatikani, pamoja na kuwa pesa halali, nyingi zinauzwa kwa njia hiyo.

Sarafu za ukumbusho za Kongo karibu zote ziko upande huu wa pili.

Wakati Raphael anazaliwa, Kongo ilikuwa wapi?

Wachoraji hawa waliishi katika kipindi ambacho Wafaransa wanaita Renaissance, ni kusema kuzaliwa upya: miaka ya 1400 na 1500, wakati miji ya Italia ilitajirika kwa biashara na banki, na matajiri wakaanza kulipa watu wa kuchora, kuchonga na kujenga. Florence, mji ambako Leonardo alijifunza kazi, ulikuwa na sarafu yake ya dhahabu, florin, tangu mwaka wa 1252.

Wakati ule mchoraji hakuwa mtu mkubwa. Alihesabiwa sawa na seremala ao fundi mwingine. Leonardo alizaliwa mwaka wa 1452 nje ya ndoa, akapelekwa kwa fundi Verrocchio kujifunza kazi. Raphael alizaliwa Urbino mwaka wa 1483, mtoto wa mchoraji. Tajiri aliyeagiza picha aliweza kuandika kwenye mkataba ni rangi gani itumike na dhahabu kiasi gani. Sarafu zilikuwa za wafalme na watakatifu. Kwa hiyo fundi kuonekana juu ya pesa ya inchi ni heshima iliyokuja pole pole, kisha miaka mingi.

Karibu mwaka ule Raphael anazaliwa, Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Kongo. Mwaka wa 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa. Mtoto wake, Afonso wa Kwanza, alitawala Ufalme wa Kongo wakati Leonardo na Raphael walikuwa bado wanafanya kazi. Ufalme huo ulikuwa na pesa yake, nzimbu, makombe madogo yaliyookotwa kwenye kisiwa cha Luanda na kuhesabiwa chini ya uangalizi wa mfalme.

Ulikuwa pia na mafundi. Katika jumba la Pitti mjini Florence kunahifadhiwa pembe za ndovu zilizochongwa Kongo, zenye mistari na mapambo madogo madogo yasiyo na kosa. Zilikuwa mali ya familia ya Medici, wale wale waliolipa wachoraji wakubwa wa Italia. Kazi ya fundi wa Kongo na kazi ya fundi wa Florence zilikaa ndani ya nyumba ya tajiri mmoja. Mmoja jina lake liliandikwa, na leo liko hata kwenye sarafu. Mwingine hakuna aliyeuliza anaitwa nani.

Sarafu za Kongo ambazo Kongo haikuziona

Mwaka wa 1965, wakati uhuru ulitimiza miaka mitano, Kongo ilitoa sarafu za dhahabu zenye uso wa rais Kasa-Vubu. Mwaka wa 1975, wakati inchi iliitwa Zaire, zilitoka sarafu za kulinda wanyama: gorila wa milimani kwenye zaire 2 na nusu, okapi kwenye zaire 5, zote za feza, na chui kwenye zaire 100 ya dhahabu. Gorila wa milimani ni wa Virunga, hapa Kivu. Lakini mkulima wa Rutshuru ao wa Masisi hakurudishiwa kamwe gorila huyo sokoni. Alienda kwenye makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Kisha 1997, baada ya Mobutu kuanguka, sarafu za namna hiyo zilizidi. Kwa jina la «République Démocratique du Congo» zilitoka sarafu za simba, twiga na gorila za senti 50, mwaka wa 2002. Mwaka wa 2004 zikatoka za feranga 1 za kumkumbuka Papa Yohane Paulo wa Pili. Mkusanyaji wa Ujerumani ao wa Poland anazijua. Wakongomani wengi hawajui hata kama ziko.

Biashara hii inafanyika hivi. Kampuni ya kigeni inatafuta serikali iliyo tayari kutoa ruhusa. Serikali inakubali jina lake na alama yake vitumike, na inalipwa kitu kidogo. Kampuni inachagua picha itakayopendwa na wanunuzi, inatengenezesha sarafu kwenye kiwanda cha mbali, na inaziuza huko huko. Kongo si peke yake: inchi nyingi za Afrika na visiwa vidogo vya Pasifiki vinafanya hivyo. Bila jina la inchi, kile kipande cha metali kingekuwa medali tu. Jina njo linakifanya kiitwe pesa, na njo linapandisha bei.

Kwa hiyo kinachouzwa hasa ni jina la Kongo. Na kila kitu kinachouzwa kwa jina la watu wote, watu wote wana haki ya kuuliza: mkataba ulitiwa sahihi na nani, na malipo yaliingia wapi? Wakaaji wa Masisi wanalijua swali hilo vizuri. Wanaliuliza kila siku juu ya madini.

Kwa nini hapa hakuna sarafu tena

Watu wazima wanakumbuka sarafu za zamani. Mwaka wa 1967 serikali ilileta zaire, iliyogawanywa kwa makuta 100. Zaire moja ilikuwa dola 2 za Marekani. Sarafu ya likuta 1 iliweza kununua kitu. Mpaka leo watu wengi wanasema «makuta» wakitaka kusema pesa, hata kama sarafu yenyewe imekufa zamani.

Iliuawa na kupanda kwa bei. Mwaka wa 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka wa 1998 feranga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100 000. Ukizidisha, feranga moja ya 1998 ni sawa na zaire bilioni 300 za mwaka wa 1967. Na feranga hiyo nayo imeshuka: mwanzoni dola moja haikufikia hata feranga 2, leo inapita feranga 2000. Sarafu haiwezi kuishi katika hali hiyo, juu gharama ya kuitengeneza inapita kile inachonunua. Ile feranga 1 ya Papa ya 2004, hata kama ingeletwa kwenye soko, isingenunua hata kiberiti.

Hapo tofauti na Italia inaonekana wazi. Ili mchoraji akae kwenye sarafu na watu wamuone kila siku, lazima kwanza sarafu yenyewe iwe na nguvu ya kununua. Heshima ya yule aliyewekwa kwenye pesa inategemea heshima ya pesa.

Pesa ni imani

Historia ya Kongo imefundisha jambo hili kwa damu. Mwezi wa Januari 1993, wafanyabiashara walikataa biyeti ya zaire milioni 5, ambayo waziri mkuu Tshisekedi alikuwa ameikatalia na Mobutu akailazimisha. Askari waliolipwa nayo walikuta haiwanunulii kitu, wakaingia barabarani kupora. Watu wengi walikufa Kinshasa, na balozi wa Ufaransa kati yao. Mwisho wa mwaka ule, watu wa Kasai walikataa zaire mpya kabisa na wakaendelea na ya zamani. Biyeti ilikuwa halali kwa sheria, lakini watu walisema hapana, na ikabaki karatasi.

Leo Masisi jambo linakuja kwa namna ingine. Tangu M23 ilipochukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, Banki Kuu ya Kongo ilifunga kazi zake mjini humo, na banki za biashara zikafunga milango. Mwezi wa Aprili 2025, AFC/M23 ilifungua tena CADECO, lakini njia ya kawaida ya kuleta biyeti mpya kutoka Kinshasa na kuondoa zile zilizochakaa ilikuwa imekatika. Matokeo yake yanaonekana mikononi: biyeti zinazozunguka zinachoka, hakuna wa kuzibadilisha.

Kwa muuzaji wa maharagwe ao viazi, hii ni hasara ya kweli. Biyeti aliyopokea asubuhi inaweza kukataliwa mchana. Wakambisti wanaipokea kwa bei ya chini, ao wanaiacha. Dola yenye tundu dogo inarudishwa. Pesa ya simu inasaidia, lakini mtu akitaka kuitoa analipa kamisio, na lazima amkute ajenti mwenye pesa mkononi. Mone ikikosekana, mnunuzi anapewa bombo ao kiberiti kwa nguvu, ao anaambiwa arudi kesho. Mwenye pesa kidogo njo anaumia zaidi, juu biyeti ndogo njo zinachakaa mbele ya zingine.

Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, picha inakuwa kali. Jina la Kongo liko kwenye sarafu zinazong'aa, ndani ya visanduku vya wageni, hazijaguswa hata na kidole. Jina hilo hilo liko kwenye biyeti iliyounganishwa na skochi, mkononi mwa mama anayeuza sokoni.

Metali ya koltani nayo iko kwenye sarafu

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Masisi wangependa kujua. Tangu mwaka wa 2003, Austria inatoa karibu kila mwaka sarafu ya ukumbusho ya yuro 25 yenye sehemu mbili: pembeni feza, katikati metali inayoitwa niobi. Metali hiyo inaweza kupewa rangi ya buluu, kijani ao zambarau bila kupakwa, na wakusanyaji wanaipenda. Kazakhstan nayo imetoa sarafu za ukumbusho zenye tantali katikati.

Niobi na tantali njo metali mbili zinazokaa pamoja ndani ya koltani. Ni jiwe lile lile linalochimbwa Rubaya, hapa Masisi. Haitakuwa haki kusema sarafu ya Austria imetoka kwenye shimo la Rubaya: niobi nyingi ya dunia inatoka Brazil. Lakini inafaa mchimbaji ajue kwamba kile anachobeba kwa kilo mgongoni, mahali pengine kinahesabiwa kwa gramu, kinaandikwa tarehe, na kinahifadhiwa kama ukumbusho.

Tahadhari juu ya «sarafu ya mali»

Habari za sarafu za bei kubwa zinafungua pia mlango kwa wadanganyifu. Mtu anakuja na kipande kinachong'aa, anasema ni dhahabu, kuna mzungu anayekitafuta kwa maelfu ya dola, na kwamba yule wa kwanza kutoa pesa atapata faida. Mwingine anadai sarafu ya zamani iliyobaki kwa babu ni utajiri.

Ukweli ni mdogo kuliko maneno. Sarafu za wakati wa Wabelgiji ziko nyingi bado. Zile za senti zenye tundu katikati zilitengenezwa kwa wingi. Ile ya feranga 2 ya mwaka wa 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo, iliyotengenezwa Philadelphia wakati wa vita, inajulikana sana na wakusanyaji, lakini haiwezi kujenga nyumba. Na sarafu nyingi za ukumbusho za kisasa ni shaba ao metali rahisi iliyopakwa juu tu.

Maswali matatu yanatosha kumlinda mtu. Sarafu hii ilitolewa na nani? Ni metali gani, na uzito wake kiasi gani? Na kama kweli ina mnunuzi tajiri, kwa nini mwenye nayo anamtafuta mkulima? Asiyeweza kujibu la kwanza na la pili kwa mizani, na la tatu kwa ukweli, hafai kupewa pesa. Kwa yule aliye na sarafu ya zamani nyumbani, asiisugue wala kuisafisha na majivu: wakusanyaji wanapunguza bei ya sarafu iliyosuguliwa. Awaachie watoto kama kumbukumbu ya jamaa.

Nani angewekwa?

Kama siku moja Kongo itakuwa na sarafu inayonunua kitu, swali la nani awekwe juu yake litarudi. Wanasiasa watajitaja wao wenyewe, sawa vile Mobutu alivyofanya miaka mingi. Lakini wachoraji wako pia, na majina yao yanajulikana. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwenye miaka ya 1940 na 1950. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka wa 1947, alichora miaka ya 1970 historia nzima ya inchi, kutoka wazee wa zamani mpaka Lumumba na uhuru, picha karibu mia moja, kwenye vitambaa vya mifuko ya unga, na akaieleza kwa Kiswahili. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980 hakuonekana tena.

Leonardo alikuwa mtoto wa nje ya ndoa aliyejifunza kazi kwa fundi, na Italia ilimweka kwenye sarafu. Tshibumba alikuwa mtu aliyeuza picha zake kwa bei ndogo ili kulisha jamaa yake. Picha zake nyingi leo ziko katika mikusanyo ya Ulaya, sawa vile pembe za Medici. Tofauti ni kwamba yeye aliandika jina lake kwenye kila picha.